Usisome matumaini yako ukadhani umemsoma kiongozi: somo la Hong Kong kwa mnaoanza kazi

Wadogo zangu mnaoingia sasa hivi kwenye kazi ya kuandika tathmini za viongozi wa nchi nyingine, iwe wizarani, ubalozini, kwenye taasisi ya utafiti, au bado mko chuoni mnahangaika na tasnifu, hii nawaandikia nyie. Mi nimeifanya kazi hii miaka sasa, na kilichonifundisha kuliko darasa lolote ni kisa kimoja tu, namna Waingereza walivyokuwa wakijaribu kuelewa wakubwa wa China wanataka nini kuhusu Hong Kong, koloni lao, kabla ya kuikabidhi kwa China tarehe 1 Julai 1997. Mara ya kwanza nilikisoma kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikasahau. Nikakirudia baada ya kuharibu kazi mwenyewe, na hapo ndo nikakielewa.

Nilichoharibu ni hiki. Mwaka wangu wa pili kazini, ofisi siitaji, nilikaa kwenye kikao kama mwandishi wa kumbukumbu, mkuu wa ujumbe wa upande wa pili akaongea karibu nusu saa, maneno ya urafiki na ushirikiano mengi sana, ila katikati akapitisha sentensi moja ngumu, kwamba suala fulani kwao halijadiliwi. Nilipokuja kuandika dokezo nikaona ile sentensi itaharibu ladha, bosi alikuwa anasubiri habari njema na mi nilikuwa nataka aridhike, nikaiacha kwenye notsi zangu nikapeleka ule uzuri tu. Miezi michache mbele wenzetu wakafanya kilekile walichosema watafanya, na ofisini watu wakashangaa. Mi sikushangaa, nilikuwa nayo kwenye daftari. Ile hali ya kukaa kwenye kiti unajua kwamba ulijua, sitaki yeyote kati yenu aipitie.

Sasa njoo Hong Kong, mwaka 1979.

Kwanza uelewe ardhi yenyewe ilivyokuwa, maana bila hapo hutaelewa presha ilitoka wapi. Kisiwa cha Hong Kong Waingereza walipewa moja kwa moja kwa mkataba wa Nanjing wa 1842, baada ya vita vya kasumba kati yao na China. Ncha ya Kowloon wakaongezewa mwaka 1860, nayo moja kwa moja. Lakini New Territories, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 ya eneo lote, ilikodishwa tu, miaka 99, kuanzia 1 Julai 1898. Kwa hiyo kwenye karatasi muda wa kukodi unaisha 30 Juni 1997. Na serikali ya kikoloni ilipokuwa inagawa viwanja huko New Territories haikuweza kutoa hati inayovuka tarehe 27 Juni 1997, siku tatu kabla. Sasa piga hesabu, benki inayokopesha nyumba kwa miaka 15, ikifika 1982 inaanza kuuliza, huyu namkopesha kwa dhamana ya ardhi ya nani?

Ndo maana Gavana Murray MacLehose alipoalikwa Beijing Machi 1979 akaona aulize habari ya hizo hati za ardhi, kama jambo la kibiashara tu, la kiufundi, bila kugusa nani ni mwenye nchi. Akakutana na Deng Xiaoping, mzee aliyekuwa na kauli ya mwisho China. Na Deng hata hakusubiri, alianza yeye mwenyewe kusema kwamba mamlaka ya Hong Kong ni ya China, kwamba mahali pale ni pa kipekee, na hata hali ya kisiasa ikija kubadilika maslahi ya wawekezaji hayataguswa. Alafu ikaja ile sentensi iliyopendwa na wote, kwamba wawekezaji watulize mioyo yao.

MacLehose akarudi Hong Kong akawatangazia watu hiyo ya mwisho. Tulizeni mioyo. Bei za majengo zikaendelea kupanda, watu wakafurahi. Ile nusu ya kwanza, kwamba China itakuja kuchukua chake, haikutangazwa. Simlaumu sana Gavana kwa kunyamaza hadharani, mtu mwenye dhamana ya mji mzima hawezi kusema kila alichosikia, soko lingeanguka siku hiyohiyo. Tatizo langu ni kwamba hata ndani, kwenye majalada yao, watu wengi waliendelea kuishi na ile nusu tamu kana kwamba ndiyo jibu lenyewe, wakawa wanatafuta namna ya kuliboresha, wakati jibu halisi lilishatolewa kwenye dakika za mwanzo za mazungumzo.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, na ningekuwa na uwezo wa kuwafundisha kitu kimoja tu ningewafundisha hiki: kiongozi akizungumza, tenga anachorudia na anachokukaribishia. Maneno ya ukarimu yanabadilika kulingana na mgeni, akija mfanyabiashara ataambiwa hivi, akija mwanajeshi ataambiwa vile, lakini kuna sentensi moja au mbili haziondoki, kila mgeni anaambiwa, kila mwaka. Hizo ndizo msimamo. Zilizobaki zote ni chai na maandazi.

Na hapa kuna kipande ambacho sisi watu wa huku tunatakiwa tukijue vizuri kwa sababu kinatuhusu. China iliingia Umoja wa Mataifa Oktoba 1971, na haikupita hata miezi mitano, tarehe 8 Machi 1972, balozi wao Huang Hua akaandika barua kwenye Kamati Maalumu ya kuondoa ukoloni, akidai Hong Kong na Macau zitolewe kwenye orodha ya makoloni. Mwenyekiti wa kamati ile mwaka huo alikuwa Salim Ahmed Salim wetu. Hoja ya barua ni kwamba hayo maeneo mawili ni ardhi ya China iliyokaliwa na Waingereza na Wareno kutokana na mikataba ya kionevu, kwamba ni mambo ya ndani ya China, na kwamba yatamalizwa wakati ukiiva. Baraza Kuu likakubali Novemba 1972.

Unaweza ukaiona barua ile kama utaratibu wa makaratasi. Lakini fikiria vizuri, nchi ikiwa kwenye orodha ya makoloni maana yake watu wake wana haki ya kujiamulia, wanaweza kudai uhuru kama tulivyodai sisi. Ikitolewa, hiyo njia inafungwa. China ilifunga njia ya uhuru wa Hong Kong miaka 25 kabla ya makabidhiano, kwa barua moja, na wengi hawakuishika. Ndo maana nawaambia someni barua za zamani, nendeni masijala, msianze tathmini na habari za juzi. Deng wa 1979 alikuwa anarudia kilichoandikwa 1972.

Sasa kwa nini watu wenye akili, wanaojua Kichina, waliokaa Beijing miaka, waliendelea kutumaini? Hapa ndo pananivutia sana. Sababu ni kwamba walikuwa na ushahidi mzuri wa kitu kisicho sahihi. Mwaka 1967, kipindi cha Mapinduzi ya Utamaduni, kulikuwa na fujo kubwa Hong Kong, na Agosti mwaka huo ofisi ya ubalozi wa Uingereza Beijing ikachomwa moto, ila China haikuichukua Hong Kong japo ingeweza. Sehemu ya maji ya kunywa ya mji ilikuwa inatoka mto Dongjiang, upande wa China, tangu 1965, na hawakuyafunga. Ureno baada ya mapinduzi yake ya 1974 ilikuwa tayari kuiachia Macau na China ikasema bado, kaeni kwanza. Na China ilikuwa inapata sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni kupitia Hong Kong. Ukijumlisha hayo yote unapata hitimisho linaloonekana la kitaalamu kabisa: hawa wanafaidika, hawataharibu biashara, watatuachia tuendeshe hata kama bendera ni yao.

Kumbe kila kimoja katika hivyo kilikuwa kinajibu swali la "lini", hakuna hata kimoja kilichojibu swali la "nani mwenye nchi". Mtu akiahirisha kudai deni lake hajakusamehe. Hili nimeliona mara nyingi kwenye rasimu za vijana, mnachukua subira ya mwenzenu mnaiandika kama ridhaa.

Basi Septemba 1982 Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, akaenda Beijing, miezi mitatu tu baada ya kuishinda Argentina kwenye vita vya visiwa vya Falklands, na moyoni ana hoja kwamba mikataba ya 1842 na 1860 ni halali kisheria, kwa hiyo China itambuliwe kama mwenye nchi na Uingereza iendelee kuendesha, kama meneja wa duka vile. Tarehe 24 akakaa na Deng kwenye Ukumbi Mkuu wa Umma. Deng akamwambia mamlaka si suala la kujadili, 1997 China itarudisha Hong Kong yote, si New Territories peke yake. Thatcher baadaye alieleza kwamba Deng alisema angeweza kuingia kuichukua hata mchana uleule.

Ila sentensi ambayo mi ningeipigia mstari mwekundu ni nyingine. Deng alisema wasipoirudisha 1997 hakuna kiongozi wa China atakayeweza kujieleza kwa wananchi, itakuwa serikali yake haina tofauti na ile ya mwisho ya nasaba ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, na wao viongozi watakuwa ni akina Li Hongzhang. Li Hongzhang ni nani? Ndo mzee aliyetia saini mkataba wa kuikodisha New Territories mwaka 1898, na miaka mitatu kabla alitia saini ule wa Shimonoseki uliowapa Wajapani Taiwan. Kwa Wachina wengi lile jina limebeba aibu nzito. Kiongozi akikutajia jina la mtu ambaye hataki kufanana naye, amekufungulia moyo wake kuliko kurasa mia za hotuba. Hapo hesabu ya faida na hasara inakaa pembeni, kwa sababu mtu wa miaka 78 anafikiria ataandikwaje. Kwa hiyo kwenye tathmini zenu ongezeni swali hili, huyu mzee anaogopa kuitwa nani?

(Siku hiyo Thatcher aliteleza kwenye ngazi wakati anatoka, ikaonyeshwa kwenye televisheni Hong Kong na watu wengi wakaiona ni dalili mbaya. Msiandike vitu kama hivyo kwenye tathmini, ila jueni kwamba wananchi wanavisoma.)

Nilichojifunza kingine hapo ni kwamba hoja sahihi inaweza kukufungia mlango. Thatcher aliondoka Beijing akafika Hong Kong, akasema hadharani kwamba nchi isiyoheshimu mkataba mmoja haitaheshimu mwingine. Kisheria ana hoja. Lakini kwa upande wa pili ile mikataba ndiyo kidonda chenyewe, kwa hiyo kuitegemea ni kama kumdai mtu kwa kumwonyesha fimbo uliyompigia baba yake. Mazungumzo yakakwama. Na wakati wakubwa wanavutana wananchi wakaanza kuuza walichonacho, Septemba 1983 dola ya Hong Kong ikaporomoka mpaka 9.60 kwa dola moja ya Marekani, watu wakakimbilia madukani kununua mchele na karatasi za chooni, mpaka serikali ikaifungamanisha na dola ya Marekani kwa 7.80 tarehe 17 Oktoba. Mi huwa nawaambia vijana, tathmini mbaya haimuumizi aliyeiandika, inamuumiza mama anayekwenda kununua mchele.

Aliyeiokoa hali kwa upande wa Uingereza ni balozi wao wa Beijing, Percy Cradock, mtu aliyekuwepo kwenye lile jengo lilipochomwa 1967, kwa hiyo hakuwa na ndoto kuhusu watu anaoshughulika nao. Machi 1983 Thatcher akamwandikia Waziri Mkuu wa China, Zhao Ziyang, barua yenye maneno yaliyopimwa, kwamba yakipatikana makubaliano yatakayowaridhisha watu wa Hong Kong atakuwa tayari kupendekeza Bungeni suala la mamlaka. Yaani hakukubali, ila hakukataa tena. Mlango ukafunguka, mazungumzo rasmi yakaanza Julai, yakaenda raundi 22 mpaka Septemba 1984.

Na mkiangalia kilichopatikana humo ndani mtaona faida ya kutenganisha kisichojadilika na kinachojadilika. Kwenye mamlaka Waingereza hawakupata kitu. Kwenye namna ya kuishi walipata vingi, Hong Kong ibaki na mahakama zake, sarafu yake, sheria zake, mfumo wa kibepari miaka 50, vikaandikwa kwa kirefu na kuwekwa kwenye mkataba wa kimataifa. Wangejua toka 1979 nguvu ziende wapi wangepata miaka mitatu zaidi ya kuandika hivyo vitu. Hilo ndo linaniuma kwenye kisa hiki.

Tukio la Mei 1984 nalo lisikupiteni. Geng Biao, aliyewahi kuwa Waziri wa Ulinzi, na Huang Hua yuleyule wa barua ya 1972, ambaye naye alishakuwa Waziri wa Mambo ya Nje, wakanukuliwa wakisema China haitaweka jeshi Hong Kong. Ungekuwa ofisa mpya ungekimbia kuandika ripoti, vyanzo viwili, wote mawaziri wa zamani, ushahidi umekamilika. Deng akawazuia waandishi wa habari wa Hong Kong wasitoke ukumbini, akasema mbele ya kamera kwamba huo ni upuuzi, jeshi litawekwa. Na lilifika, 1 Julai 1997 alfajiri liliingia kwenye mvua. Idadi ya vyanzo haikusaidii kama hakuna hata kimoja kinachoamua. Mkumbuke Deng hakuwa rais wala waziri mkuu, kiti chake kikubwa kilikuwa uenyekiti wa Tume ya Kijeshi. Kwa hiyo chora mchoro wako mwenyewe, nani akisema jambo linakuwa, usiutegemee ule wa vyeo uliobandikwa ukutani.

Kuhusu maneno yenyewe, nendeni kwenye Tamko la Pamoja, ule mkataba wa China na Uingereza uliosainiwa 19 Desemba 1984. Kifungu cha kwanza China inasema imeamua kurejea kutumia mamlaka yake. Kifungu cha pili Uingereza inasema itairudisha Hong Kong. Kila upande unaongea peke yake, kwa sababu hawakuweza kupata sentensi moja ya pamoja, mmoja anaona alikuwa mwenye mali siku zote, mwingine anaona anakabidhi. Mkalimani mvivu angeziunganisha zikawa "makabidhiano", na angekuwa amefuta mgogoro wote wa miaka 142.

Kuna wa tatu ambaye hakuwemo kwenye chumba, watu wenyewe wa Hong Kong, zaidi ya milioni 5. Gavana Edward Youde aliposema mwaka 1983 kwamba anawawakilisha wao kwenye mazungumzo, Beijing ikamkatalia, ikasema hakuna kiti cha miguu mitatu. Sisi kwetu tungesema mafiga matatu, na tunajua chungu hakikai kwenye mawili. Naandika hili kwa uchungu kidogo kwa sababu nimesoma tathmini nyingi za kipindi kile, na za kwetu pia za mambo mengine, ambapo wananchi wanatajwa kwenye aya moja tu, chini ya kichwa cha "imani ya wawekezaji".

Alafu ikaja Juni 1989, Tiananmen, jeshi la China lilipowafyatulia risasi wanafunzi na wananchi walioandamana Beijing. Zhao Ziyang aliyesaini Tamko akawa ameshaondolewa. Xu Jiatun, aliyekuwa mtu mkubwa wa Beijing ndani ya Hong Kong kupitia ofisi ya Xinhua, shirika la habari la China, mwaka uliofuata akakimbilia Marekani. Kabla ya hapo Beijing ilikuwa inaiona Hong Kong kama kuku wa mayai, baada ya watu karibu milioni kuandamana pale kuwaunga mkono wanafunzi ikaanza kuiona kama mahali pa kuhifadhia maadui, na kifungu cha 23 cha Sheria ya Msingi, yaani katiba ndogo ya Hong Kong ya baada ya 1997, kuhusu uhaini na uchochezi, kikakazwa kabla haijapitishwa Aprili 1990. Kwa hiyo tathmini ya 1984 ilikuwa imekufa. Cradock alitumwa Beijing kwa siri Desemba 1989 kwenda kupima upya, na hiyo ndo nidhamu ninayoisema, kikitokea kitu kikubwa unaanza karatasi mpya, hauongezi aya chini ya ile ya zamani.

Mwisho kuna ugomvi wa Cradock na Chris Patten, Gavana wa mwisho. Oktoba 1992 Patten akatangaza kupanua upigaji kura wa baraza la kutunga sheria, Cradock akasema wazi kwamba China italivunja baraza hilo siku ya kwanza. Lu Ping, ofisa wa Beijing aliyesimamia mambo ya Hong Kong, akamwita Patten mtenda dhambi wa miaka elfu, wakasema wataanzisha jiko jingine, na kweli wakaunda baraza lao la muda, likawa linakutana Shenzhen. Cradock alisoma sawasawa. Lakini mi siungani na wanaosema kwa hiyo Patten alikosea. Kujua jirani atakasirika ni kazi ya mchambuzi, kuamua kama inafaa kumkasirisha ni kazi ya mwenye dhamana, na kwa Patten kulikuwa na watu waliotaka kupiga kura angalau mara moja chini ya mpango ule. Msije mkaandika tathmini ambayo ndani yake mmeshaficha uamuzi. Andika "tukifanya hivi watafanya vile", weka kalamu chini, mpe mkubwa aamue.

Kazi ya wiki hii kwa anayetaka kuanza: chukua hotuba tatu za kiongozi unayemfuatilia, za miaka mitatu tofauti, alizotoa kwa wageni watatu tofauti. Futa kwa penseli kila sentensi iliyo kwenye hotuba moja tu. Zitakazobaki ziandike kwenye nusu karatasi, chini yake weka jina la mtu ambaye asingependa kufananishwa naye, na ile sentensi inayokuchukiza zaidi iweke juu kabisa kabla hujampelekea bosi.